Jike wa kambare ana mayai au hana? Kutambua ukomavu bila kumtesa samaki

Anayezalisha vifaranga vya kambare kandokando ya Ziwa Victoria, awe anawauzia wenye mabwawa wa Misungwi na Magu au wavuvi wanaotafuta chambo cha ndoano za sangara, huanza kila mzunguko na swali moja: jike yupi yuko tayari leo? Kambare wa ziwani hana shida hiyo. Masika yakianza na mito ikamwaga maji kwenye nyasi za bondeni, hupanda huko usiku na kutaga. Wa kwenye tanki hana mafuriko ya kumpa ishara. Mayai yake hukua mpaka karibu na mwisho, kisha husimama hapo yakisubiri, na homoni ya sindano ndiyo inayomalizia kazi. Kwa hiyo siku huamuliwa na mfugaji. Ukikosea umepoteza homoni, dume uliyemchinja kwa ajili ya manii, na mara nyingi jike mwenyewe.

Malalamiko mengi yana mzizi mmoja: watu huamini tumbo. Tumbo hujaa kwa sababu nyingi, na mayai ni moja tu kati ya hizo. Ushahidi wa kweli ni yai lenyewe, lakini kulipata kunamgharimu samaki. Jike anayekamatwa na kubinywabinywa kila siku huacha kukuza mayai, na yale aliyokwisha kuyakuza mwili huyanyonya tena. Ndiyo maana ukaguzi hupanda kwa ngazi: macho kwanza, kiganja baadaye, na mwisho mrija wa kuvutia mayai machache nje. Ukipata jibu kwenye ngazi ya chini, ishia hapo.

Kabla hujamgusa yeyote

Nusu ya matatizo yaliyoelezwa hapa chini hayatokei ukifanya maandalizi haya.

Usiwalishe majike kwa saa 24 hadi 36. Fanya kazi asubuhi na mapema, maji yakiwa bado ya baridi. Andaa kipande cha sponji nene kilichokatwa mfereji katikati, kilowe maji ya tanki lile lile wanamokaa. Uwe na taulo laini iliyolowa, beseni lenye maji hayo hayo, na mtu wa pili. Mikono iwe na maji wakati wote, kwa sababu mkono mkavu unaondoa ute, na ute ndiyo ngozi ya pili ya kambare, ambaye hana magamba.

Mkamate kwa wavu laini usio na mafundo. Mlaze chali kwenye mfereji wa sponji na umfunike kichwa na macho kwa taulo. Gizani kambare hutulia haraka, na mara nyingi hilo peke yake linatosha bila dawa yoyote. Usimwinue kwa matamvua wala kwa mkia. Angalia miiba ya mapezi ya kifuani: hujifunga ikiwa imesimama, na hutoboa glavu nyepesi. Ukaguzi wa macho na kiganja usizidi dakika moja nje ya maji, na wa mrija usizidi tatu.

Jike mkubwa mwenye nguvu anaweza kuhitaji kulevywa kidogo. Mafuta ya karafuu yanafaa. Changanya sehemu 1 ya mafuta na sehemu 9 za spiriti safi ya dawa (ile ya buluu ya kuwashia ni sumu, usiitumie), kisha weka mililita 10 za mchanganyiko huo kwenye lita 20 za maji na ukoroge vizuri. Hiyo ni takriban miligramu 50 za mafuta kwa lita. Kambare hupumua pia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo hulewa polepole. Kuwa na subira badala ya kuongeza dozi ovyo. Akilala ubavu na kuacha kupinga, mtoe. Akimaliza kukaguliwa, mzindushe kwenye maji safi yenye kina cha kufunika mgongo tu, ili mdomo ufike juu bila kuogelea. Kambare aliyelewa akiwekwa kwenye tanki la kina kirefu anaweza kufa kwa kukosa hewa chini ya maji, jambo ambalo wengi hawalitarajii kwa samaki.

Kila jike awe na alama, na daftari liandike tarehe, uzito na ulichokiona. Bila alama utamkagua jike yule yule mara tatu kwa mwezi ukidhani ni watatu tofauti.

Dalili ya 1: Tumbo limejaa, lakini ukibinya hakitoki kitu

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na sababu zake zifuatwe kwa mpangilio huu.

Chakula. Jike aliyekula jana jioni ana tumbo la duara sawa na mwenye mayai. Tofauti iko mahali pa uvimbe: chakula hujaza sehemu ya mbele, karibu na mapezi ya kifuani, wakati mayai hujaza mpaka nyuma, karibu na tundu la uzazi. Mrudishe, mwache na njaa mpaka kesho, mwangalie tena.

Amejikaza. Samaki mwenye hofu hukaza misuli ya tumbo na hata mayai yaliyo tayari hayatoki. Mfunike macho, subiri sekunde 20 au 30, kisha pitisha kidole gumba kwa wepesi kutoka katikati ya tumbo kuelekea nyuma, mara moja au mbili basi. Nguvu inayotakiwa ni ile ya kupapasa nyanya iliyoiva bila kuiacha na alama. Ukilazimika kuzidisha hapo, jibu lako ni "hapana" kwa leo.

Mayai yako hatua ya kusubiri. Hapa ndipo wengi wanapotupa majike wazuri. Kwa kuwa kambare wa tanki hamalizi kupevusha mayai bila homoni, kutotoka kwa mayai si uthibitisho kwamba hajakomaa. Angalia dalili nyingine. Tumbo laini linalotepeta kama mfuko wa uji, lililotanuka pande zote mbili kwa usawa. Tundu la uzazi la mviringo, lililovimba, lenye rangi ya waridi hadi wekundu. Umri wa kuanzia miezi 8 hadi 12 na uzito wa gramu 500 au zaidi. Zote zikiwepo, huyo anastahili ngazi ya mrija.

Mafuta. Jike aliyelishwa kupita kiasi, hasa mabaki ya jikoni na utumbo wa kuku, hujaza mafuta tumboni. Tumbo lake ni gumu kidogo, halitepeti, na tundu la uzazi ni dogo na limepauka. Punguza chakula hadi asilimia 1 ya uzito wake kwa siku, chenye protini ya asilimia 35 hadi 40, na usitarajie mabadiliko kabla ya wiki sita.

Ni dume. Usicheke: hutokea kwa samaki wadogo wanaokaguliwa kwenye mwanga hafifu. Dume ana kijiti kirefu chenye ncha nyuma ya njia ya haja, jike ana kitundu cha mviringo kisichochomoza.

Maji tumboni. Si ya kawaida, lakini ndiyo ya hatari. Tumbo limevutika kama puto, ukigonga kidogo unaona wimbi, ngozi ya chini ina wekundu, samaki amening'inia juu ya maji hana hamu ya kula. Huo ni ugonjwa, hakuna mayai hapo.

Simama hapa: usimbinye, usimwingize mrija, usimchome homoni. Mtenge na uite mtaalamu wa afya ya samaki. Wakiwa wawili au zaidi kwenye tanki moja, zuia samaki kuingia au kutoka mpaka wagonjwa wapimwe.

Dalili ya 2: Mrija unaleta mayai, lakini hujui kama yametosha

Mrija unaofaa ni wa plastiki laini, ule wa kulishia watoto wachanga hospitalini, wenye kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 1.5 na cha nje kisichozidi milimita 3. Ncha yake huwa imezibwa na matundu yako ubavuni, kwa hiyo iondoe kwa kuikata mkingamo, kisha ulainishe ukingo kwa kuupitisha haraka karibu na moto. Ukingo mkali unachana ndani. Uchemshe au uuloweke kwenye spiriti, usuuze kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, gramu 9 za chumvi kwa lita 1, na utumie mrija mwingine kwa kila samaki.

Ingiza polepole kupitia tundu la uzazi, ukielekeza kichwani na kidogo upande mmoja, sentimita 2 hadi 3 kwa samaki wa kilo moja. Ukipata maji maangavu, umeingia kibofu cha mkojo. Toa na uelekeze ubavuni zaidi. Ukihisi kizuizi, usisukume. Vuta bomba la sindano kidogo sana huku ukiutoa mrija. Mayai 30 hadi 50 yanatosha kabisa, na hakuna faida ya kujaza bomba.

Yaweke kwenye maji ya chumvi yale yale, si maji matupu, ndani ya kisahani cheusi au kilichowekwa juu ya karatasi nyeusi. Sasa pima. Huna haja ya darubini: panga mayai 10 kwa mstari, yakigusana, kando ya rula. Mstari ukifika milimita 10 au zaidi, wastani ni milimita 1 au zaidi kwa yai. Rudia mara tatu kwa mayai tofauti. Piga picha kwa simu mstari ukiwa kando ya rula, kisha uikuze: utaona hata yale madogo yaliyojificha katikati.

Unachotafuta ni vitu vitatu kwa pamoja: ukubwa wa milimita 1 kwenda juu, usawa (angalau 9 kati ya 10 yanalingana), na rangi moja ya kijani cha mzeituni hadi kahawia yenye kung'aa. Vikipatikana vyote, jike yuko tayari kwa homoni.

Mayai madogo yote, ya manjano hafifu, yamegandana kwenye nyuzi za nyama: bado. Mrudishe kwa wiki nne na usimguse katikati. Makubwa na madogo yamechanganyika: sababu ya kwanza ni kwamba alitaga au alikamuliwa karibuni na kundi jipya linakua. Kambare aliyekamuliwa anahitaji wiki 6 hadi 8 kwenye maji ya nyuzi joto 25 kabla hajawa tayari tena, na zaidi ya hapo maji yakiwa baridi. Sababu ya pili ni chakula duni. Pumba tupu hazitengenezi yai, na dagaa waliochacha hufanya madhara zaidi ya faida, kwa hiyo nusa dagaa wako kabla ya kusaga.

Kuna swali linaloulizwa na waliosoma zaidi: vipi kuhusu kiini cha yai, yaani kiini cha seli, si ile sehemu ya njano? Kwa samaki wanaofugwa kwa ajili ya kaviari (mayai ya samaki yanayoliwa na binadamu), kama kule Urusi na Iran, jike huchukua miaka mingi kukomaa na kosa moja ni hasara kubwa. Huko huanza na kipimo cha mawimbi ya sauti, kisha mayai machache huchemshwa, hukatwa kati kwa wembe, na hupimwa umbali wa kiini kutoka ncha ya juu ya yai, ukigawanywa kwa kipenyo. Kiini kikiwa karibu kabisa na ukingo, chini ya sehemu 1 kwa 10, jike hupewa homoni. Kwa kambare wa tanki kipimo hicho hakina uzito huo, kwa kuwa kiini chake husafiri kwenda ukingoni hasa baada ya homoni kuingia. Ukubwa na usawa wa mayai vinakuambia mengi zaidi. Dawa ya kuling'arisha yai ili kiini kionekane ina fomalini ndani yake, na si ya kuchanganyia nyumbani. Waachie wenye maabara.

Dalili ya 3: Mayai ni meupe, yamepasuka, au yamechanganyika na damu

Kwanza angalia mkono wako. Damu nyekundu mbichi kwenye mrija pamoja na mayai mazuri humaanisha umekwaruza. Acha mara moja, mrudishe, na usimkague kwa wiki nne.

Meupe yasiyong'aa, laini, yanayopasuka ukiyagusa, pamoja na majimaji ya mawingu: yamepitiliza, na mwili umeanza kuyayeyusha. Sababu kubwa ni kukaa muda mrefu bila kukamuliwa. Inayofuata ni usumbufu wa mara kwa mara, kisha maji machafu. Homoni haifufui mayai hayo. Mwache yaishe yenyewe, ukimlisha vizuri, na umkague kwa macho tu baada ya wiki sita.

Harufu ya uozo, au usaha: simama, ita mtaalamu. Usimpe dawa ya binadamu kutoka duka la dawa. Utaficha ugonjwa na kuacha mabaki ya dawa kwenye samaki ambaye kesho anaweza kuwa kitoweo cha mtu.

Dalili ya 4: Tundu ni jekundu na limevimba, tumbo bapa

Mara nyingi amekwisha kutaga. Mvua kubwa ya vuli au masika ikimwagika bwawani usiku, kambare anaweza kutaga mwenyewe kwenye nyasi za ukingoni, na mayai kuliwa kabla hujaamka. Uliza daftari: mvua ilinyesha lini? Kama ametolewa tanki la saruji lenye sakafu ya kukwaruza, wekundu ni mchubuko. Kama alikaguliwa kwa mrija siku chache zilizopita, shuku maambukizi na umtenge. Jike aliyenunuliwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ana sababu zote hizi pamoja na jeraha la ndoano au la nyavu; mpe angalau wiki mbili za utulivu kabla ya ukaguzi wowote.

Dalili ya 5: Wiki iliyopita alikuwa mzuri, leo tumbo limepungua

Hakikisha kwanza ni yule yule. Kisha angalia joto. Kati ya Juni na Agosti, usiku mkavu wenye upepo wa ziwa hushusha joto la tanki la saruji lisilofunikwa, na kushuka na kupanda kila siku kunamchosha samaki kuliko baridi iliyotulia. Pima alfajiri na saa tisa alasiri kwa siku tatu. Tofauti ikizidi nyuzi 4, funika tanki usiku na uongeze kina cha maji.

Sababu nyingine ni msongamano na mapigano. Majike wakiwa na makovu ya meno mkiani, watenganishe kwa ukubwa. Ya mwisho ni wewe: daftari likionyesha amekaguliwa mara tatu ndani ya mwezi, umepata jibu.

Dalili ya 6: Baada ya ukaguzi ana madoa meupe kama pamba

Ni kuvu, na amepanda pale ute ulipoondoka. Mtenge kwenye maji safi yenye chumvi isiyo na madini joto, gramu 3 hadi 5 kwa lita, huku ukibadilisha nusu ya maji kila siku. Rekebisha chanzo: wavu wenye mafundo, mikono mikavu, sponji iliyokauka. Madoa yakienea au samaki zaidi ya mmoja akifa ndani ya siku mbili baada ya ukaguzi, acha kukagua tanki zima na umwite afisa uvuvi wa wilaya. Kwa walio Mwanza, wataalamu wa TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) na wa chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi wako karibu. Wapelekee samaki aliye hai bado au aliyekufa punde akiwa kwenye barafu. Aliyekwisha kuoza hasemi kitu maabara.

Dalili ya 7: Alipita vipimo vyote, amechomwa homoni, mayai hayatoki

Karibu kila mara ni saa. Muda wa kusubiri unafuata joto la maji: takriban saa 21 kwenye nyuzi joto 20, saa 15 hadi 16 kwenye 22, saa 11 kwenye 25, na saa 8 kwenye 28. Aliyechoma saa mbili usiku na kusoma joto la jioni, wakati tanki lilipoa hadi nyuzi 22 kabla ya alfajiri, atamtesa jike bure asubuhi. Pima joto kila saa tatu na utumie wastani. Usimjaribu kila nusu saa. Mjaribu mara moja muda ukitimia: mayai yaliyo tayari hutiririka kwa mguso mwepesi. Yasipotiririka, mpe saa moja na nusu, jaribu mara ya pili.

Kisha fikiria sindano. Homoni ikivuja pale ilipochomwa, dozi haikuingia. Choma kwenye nyama ya mgongo, sindano ikilala kama nyuzi 30 hadi 45, na ukitoa, sugua kwa kidole. Kama unatumia tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), tezi moja kutoka kwa kambare mwenye uzito sawa na jike ndiyo kipimo cha kawaida. Tezi iliyokauka vibaya au iliyokaa bila baridi haina nguvu.

Majaribio mawili yakishindikana, usirudie dozi usiku huo huo na usimkamue kwa nguvu, kwani mfuko wa mayai unaweza kupasuka. Mrudishe kwenye tanki lenye kivuli, peke yake. Ukiona tumbo linazidi kuvimba siku ya pili, au damu kwenye tundu, mwite mtaalamu. Jike aliyechomwa homoni au kulevywa hauzwi kuwa kitoweo mpaka mtaalamu huyo akuambie asubiri siku ngapi.